Mwenye Ng'ombe Amekaa Nje

Ryoba hakutaka kukaa. Alisimama katikati ya sebule ya shemeji yake, mtaa wa Nyasho mjini Musoma, kofia mkononi, akimwangalia fundi Chrispin aliyekuwa ameinama juu ya kompyuta.

"Imetoka?"

"Bado, mzee. Hii siyo Windows. Hii ni Linux. Inataka uiandikie kila kitu."

"Si uiandikie."

Chrispin alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Kioo kikivunjika alikibadilisha vizuri, na simu iliyoingia maji aliifufua. Linux alikuwa ameigusa mara chache tu, lakini Ryoba hakumuuliza hilo. Alimwambia njoo utoe kitu, akaja.

Kompyuta ilikuwa ya Gati, mjane wa Chacha, kaka yake Ryoba. Gati aliuza ng'ombe ndipo akainunua. Aliyeitumia ni Robi, mkamwana wa nyumba hiyo. Ryoba aliitaka iende kwake Buhemba, kwenye banda lake la kuonyeshea video, na aliitaka iende tupu. Siku hiyo alikuja akijua kwamba wanawake wote wawili wameshuka ziwani, mwaloni, kununua dagaa, na nyumbani amebaki mtoto peke yake.

"Hii programu ya R ndiyo ya kupigia hesabu za samaki," Chrispin alisema. "Nimeitoa."

"Kingine cha kisayansi?"

"Kuna Python. Hii nayo wanasayansi wanaitumiaga."

"Toa."

Chrispin akaandika. Kompyuta ikamjibu kwa orodha ndefu iliyojaza kioo chote, majina ya vitu ambavyo vingeondoka pamoja na hiyo Python, kisha chini kabisa ikauliza kama ana hakika. Chrispin hakusoma. Mtu aliyesimamiwa kichwani na mzee mwenye hasira hasomi orodha. Akabonyeza ndiyo.

Mistari ikapanda, ikapanda, ikasimama. Chrispin akaizima na kuiwasha tena ili amwonyeshe mzee jinsi ilivyokuwa safi. Ikawaka nyeusi. Hapakuwa na picha wala kishale cha kubonyezea. Palikuwa na maandishi meupe pembeni, mstari mmoja.

"Picha ziko wapi?"

"Subiri kwanza, mzee."

"Chrispin, picha ziko wapi?"

"Nafikiri ile Python ilikuwa imeshikilia na vitu vingine."

"Vitu gani?"

Chrispin alijifuta jasho la shingo. "Vyote."

Kung'oa nguzo ya katikati kwa sababu hupendi rangi yake, halafu ukashangaa paa liko kichwani, hilo ndilo walilolifanya. Ryoba alipolielewa alimtukana Chrispin kwa Kikurya, kwa sababu Kiswahili hakikumtosha. Chrispin akakusanya bisibisi zake, ambazo hakuwa amezitumia hata moja, akaondoka bila kudai malipo.

*

Gati aliingia na ndoo ya dagaa kichwani. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Robi alikuwa nyuma yake na ndoo nyingine.

"Shemeji, karibu," Gati alisema. "Naona ulijikaribisha."

"Nyumba ya kaka yangu sihitaji hodi."

"Kaka yako alikuwaga anabisha hodi. Mwenyewe."

Robi aliona kompyuta. Alitua ndoo pale pale mlangoni, akapita kando ya ukuta bila kumkaribia Ryoba, kama mkamwana anavyotakiwa, akaketi chini sakafuni na kuivuta. Kiti kilikuwepo, lakini hakikaliwi kiti mbele ya mkwe.

"Imekufa," Ryoba alisema. "Na sikuiua mimi. Ni hayo madude yako yalikuwa yameila ndani."

Robi alisoma ule mstari mweupe. Alhamisi, keshokutwa, kulikuwa na usaili Bunda. Mradi mmoja wa utafiti wa ziwa ulitafuta watu wa kupima samaki na kuchambua vipimo, na barua ya mwaliko ilisema kila mtu aje na kompyuta yake, programu zikiwa ndani tayari. Robi alikuwa na cheti cha uvuvi. Alikuwa pia na vipimo vya sangara alivyochukua mwenyewe mwaloni, asubuhi baada ya asubuhi, wavuvi wakimwita daktari wa maiti za samaki.

"Haijafa," alisema.

"Inasemaje?"

"Inaniuliza jina langu."

Akaliandika. Ikauliza neno la siri, akaliandika nalo. Ikamfungulia. Ndani kulikuwa giza lile lile, lakini alipoita faili zake zilijibu, moja moja, sangara wote wakiwa palepale. Programu zilikuwa zimeondolewa. Alichokiandika mwenyewe hakikuguswa.

"Imevuliwa nguo tu, baba mdogo. Inavalishwa tena."

"Hakuna kuvalisha." Ryoba sasa aliongea akimtazama Gati. "Kesho tunakaa Butiama kwa mzee Alfonce. Nimeshawaita wazee wa ukoo. Hicho kitu ni ng'ombe wa kaka yangu. Na huyu naye ni ng'ombe. Akishika mshahara ataondoka na watoto, na sisi ukoo tutabaki na kamba mkononi."

"Ng'ombe ambazo zilimleta zilitoka zizi gani?" Gati aliuliza.

"Zizi la Chacha."

"Chacha alikufa zizi lina kinyesi tu. Hizo ng'ombe nimezitoa kwenye hii ndoo." Aliipiga teke ndoo ya dagaa, nayo haikuanguka kwa sababu ilikuwa imejaa. "Kesho tutakuja. Sasa toka, harufu ya samaki isikuharibie kofia."

*

Gati hakupata mtoto wa kiume. Mabinti wake waliolewa wakaenda, mume akafa, na nyumba ikabaki kwenye hatari ya kufutika. Kwa hiyo alifanya lile ambalo wanawake wa kwao wamelifanya tangu zamani, nyumba ntobu. Alitoa mahari akaoa mke, ili huyo mke aizalie nyumba yake, na watoto wahesabiwe wa Gati, baba yao awe mwanaume yeyote. Mke huyo ni Robi. Hakuna aliyemuuliza Robi kama anataka. Baba yake alihitaji ng'ombe. Lakini alipofika na kusema anataka kusoma, Gati alifikiri wiki nzima, akasema basi soma. Majirani walimcheka. Walisema mume gani huyu.

Jioni hiyo walikaa uani wakitandaza dagaa juu ya chandarua. Gloria, mtoto mkubwa wa Robi, aliwafukuza kuku.

"Ukipata hiyo kazi," Gati alisema, "utarudi?"

Robi aliendelea kutandaza. "Nikisema ndiyo utaniamini?"

"Nitajua unanidanganya."

"Basi sijui, mama."

Gati aligeuza dagaa kwa kiganja. Maneno yale yalimuuma, na hakuona sababu ya kujifanya hayakumuuma. Alikuwa amezeeka. Watoto wa Robi ndio waliomfulia, ndio waliomsomea meseji za simu. Nyumba bila wao ingekuwa kuta.

"Afadhali hivyo," alisema mwishowe. "Hiyo mashine inataka nini ili ipone?"

"Intaneti. Nyingi. Programu zote nazivuta upya."

Gati alichukua ndoo ambayo haikuwa imetandazwa, akaenda nyumba ya tatu kwa Matrida, mwenye genge la nyanya. Matrida aliangalia dagaa wabichi, akaangalia jua lililokuwa linazama, akajua mwenzake amebanwa. Akataja bei ya mtu aliyebanwa.

"Matrida, kwa bei hiyo uniombe msamaha."

"Leo mume wa Robi ana shida!" Matrida alisema kwa sauti, ili wanunuzi wa nyanya wasikie. "Wanaume bwana, mkiishiwa mnakujaga kwetu."

Watu wakacheka. Gati aliwaacha wamalize.

"Mume ana shida," alisema. "Nipe hela."

Walinunua bando la siku moja, kubwa kuliko yote waliyowahi kununua. Robi akaunganisha simu na kompyuta kwa waya, akaandika amri ya kwanza, mistari ikaanza kupanda. Haikufika mbali. Umeme wa mtaa mzima ukakatika, na betri ya kompyuta hiyo ilikuwa ya jina tu. Bila waya wa ukutani haikai hata dakika. Kioo kikazima. Walikaa wakiusubiri umeme, ukagoma kurudi. Bando nalo lilikuwa linahesabu saa zake bila kujali.

"Linaisha kesho saa ngapi?" Gati aliuliza.

"Saa moja jioni."

"Butiama kwa Alfonce kuna umeme."

Robi alimwangalia. "Kwenye kikao, mama?"

"Walituita au hawakutuita?"

*

Sebule ya mzee Alfonce ilikuwa na viti vya mbao na picha ya Moyo Mtakatifu juu ya mlango. Wazee walikuwa watatu pamoja naye. Ryoba alikaa upande wa dirisha, kofia gotini. Gati alipewa kigoda karibu na mlango wa jikoni, nafasi ya mwanamke aliyeitwa kujieleza. Robi alipewa mkeka. Salamu zilikuwa ndefu, na chai ililetwa kwa wanaume.

Kabla Alfonce hajafungua kikao, Robi alinyoosha mkono.

"Babu, naomba kuchomeka."

"Kuchomeka nini?"

"Kompyuta. Nyasho umeme umekatika."

Ryoba akaruka. "Mmesikia wenyewe! Kikao kimeitwa juu ya hicho kitu, na yeye anakichomeka hapa hapa!"

Alfonce alikuwa mtu mzito wa kuamua na mzito wa kukasirika. "Inakula umeme kiasi gani?"

"Kama taa ya chumba, babu."

"Chomeka. Mtu haombwi umeme na mtoto akamnyima."

Robi alitambaa hadi nyuma ya kiti cha mzee, akachomeka, akaunganisha simu, akaandika. Kwanza kompyuta ilikataa. Kazi ya jana ilikatikia katikati, ikataka imaliziwe. Akaimalizia. Mistari ikaanza tena kupanda, na ndipo Ryoba alipoanza kusema.

Alisema vizuri. Alisema kaka yake Chacha alikuwa mtu, na nyumba ya mtu haichezewi. Alisema mwanamke aliyeletwa kuzaa amegeuka kuwa karani wa samaki. Alisema watoto wale ni wa ukoo, na wasichana wa siku hizi wakipata kazi hawaonekani tena, hata simu wanabadilisha namba. Hapo sauti yake ilishuka, na hakuwa anaigiza. Binti yake mwenyewe alikuwa ameenda Mwanza miaka mingi iliyopita, na kila mtu mle ndani alijua.

"Mimi sina ubaya naye," alimaliza. "Aitoe hiyo programu mbele yenu, aseme hairudishi. Kompyuta iende Buhemba. Yeye abaki nyumbani. Basi."

Mzee Fredy, mwalimu mstaafu, hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa amejipinda kuangalia kioo.

"Mkamwana, hayo maandishi yanasema nini?"

"Yanataja vitu vinavyorudi, babu. Vile vilivyotolewa jana."

"Vinatoka wapi sasa?"

"Vinatunzwa mbali, kwa wanaovitengeneza. Ukivitoa hapa havifi kule. Ukitaka unaviita tena, bure."

"Kwa hiyo Ryoba alifanya kazi bure."

"Bure, babu."

Fredy akacheka mpaka chai ikamtoka. Hilo ndilo Ryoba hakulivumilia. Angeweza kubishwa, lakini kuchekwa na mwalimu mstaafu mbele ya wanawake ilikuwa kitu kingine. Aliinuka, akazunguka kiti cha Alfonce, akainama, akaushika waya.

"Baba mdogo, usichomoe," Robi alisema haraka. "Iko katikati. Ukichomoa sasa inavunjika vibaya, na bando linaisha."

"Vizuri."

Gati alisimama. Kigoda kilianguka nyuma yake.

"Chomoa," alisema.

Ryoba akasita. Hakuitarajia ruhusa.

"Chomoa, Ryoba. Lakini kwanza waambie wazee siku namleta Robi ulikula nini."

"Mambo ya kula yanaingiaje hapa?"

"Ulikula nini?"

"Nyama. Kila mtu alikula nyama."

"Kila mtu alikula mbavu. Wewe ulisema ndugu wa marehemu anapewa mguu, ukabeba mguu mzima mpaka Buhemba. Mguu wa ng'ombe wa nani?"

Ryoba aliutazama waya mkononi.

"Siku ile hukuuliza mume ni nani. Ulifuta mdomo ukasema desturi ni desturi. Leo nauliza mimi." Aliwageukia wote, mmoja mmoja. "Mume wa Robi ni nani humu ndani? Asimame tumwone."

Wazee waliangalia vikombe vyao. Hakuna aliyesimama. Aliyekuwa amesimama kwa miguu yake, mbali na Ryoba aliyeinama na waya mkononi, alikuwa Gati peke yake.

Alfonce alikohoa. "Ryoba, acha waya wa watu."

"Mzee..."

"Desturi ni yetu, na nyama tuliila. Mimi siendi kwako kumwamuru mke wako. Na wewe huwezi kumwamuru wa Gati. Ukitaka kubadilisha desturi, rudisha kwanza ule mguu."

Ryoba aliuachia waya. Alirudi kukaa, akaiweka kofia kichwani ndani ya nyumba, jambo ambalo si adabu, na hakuna aliyemwambia aivue.

"Na akiondoka?" aliuliza chini chini. "Akiondoka na wale watoto?"

Swali hilo lilimgusa Alfonce. Alimwangalia Robi kwa upole. "Mkamwana, hilo ni neno la haki. Basi apa mbele yetu kwamba utarudi, tumalize."

Mistari ilikuwa imesimama. Robi alisoma, akaandika neno moja, ikaendelea. Kisha akainua uso.

"Siapi, babu."

Fredy aliacha kucheka.

"Nililetwa bila kuulizwa," Robi alisema. "Sikulia, nilikaa. Nikiapa leo kwa sababu mmenizunguka, hicho kiapo ni chenu, siyo changu. Mimi kesho nina mtihani."

"Unaona!" Ryoba alipiga goti lake. "Anasema mwenyewe!"

"Amesema," Gati alijibu. "Na mimi jana aliniambia hivyo hivyo. Sikumwomba aape. Akirudi, amerudi kwangu. Akipotea, ng'ombe zangu, hasara yangu, kilio changu. Sitakuja kulilia hapa."

Alisema kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto, lakini mkono wake ulikuwa umeushika ukuta. Robi peke yake, kutoka pale chini mkekani, ndiye aliyeuona.

Saa moja kasoro bando lilikuwa limebaki kidogo sana. Robi akaizima kompyuta, akaiwasha. Sebule yote ikasubiri, Ryoba pia, shingo ikiwa imemtoka bila yeye kutaka. Ikawaka nyeusi. Ikakaa nyeusi. Halafu picha ikaja, Gloria akicheka bila meno ya mbele, na kishale kikasimama juu ya pua yake.

"Ehee," alisema mzee Fredy.

*

Bunda walifika asubuhi. Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba mpya iliyonuka rangi. Gati alikataa kuingia. Alisema humo ndani kuna feni, na feni inamletea mafua. Alikaa nje kwenye benchi, akafungua kikapu, akaanza kumenya viazi vitamu vilivyochemshwa.

Ndani, kijana mmoja aitwaye Samwel alipita akikagua kompyuta za watu. Alifika kwa Robi, akaona plasta iliyoshika kona ya kioo.

"Hii inafanya kazi, dada?"

"Jaribu."

"Fungua R."

Robi alifungua. Ilichukua muda wake, ikaja. Samwel akamwambia achore urefu wa samaki, wowote. Robi akawaita sangara wake wa Musoma. Grafu ikasimama.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Nimewapima."

"Wewe mwenyewe?" Samwel aliangalia tena, akapiga tiki kwenye karatasi yake. "Jiandikishe kwa Hilda, halafu uingie chumba cha mtihani."

Hilda alikuwa msichana wa mapokezi, mwenye kucha ndefu na haraka. Alikuwa anajaza kadi kwa penseli. Jina. Makazi. Simu.

"Umeolewa?"

"Ndiyo."

"Jina la mume? Ni kwa ajili ya dharura. Ziwani huko lolote laweza kutokea."

"Yuko nje. Amekaa kwenye benchi."

Hilda alichungulia dirishani. "Pale kuna bibi tu, anakula viazi."

"Huyo huyo."

Nyuma kwenye foleni mwanaume mmoja aliguna, mwingine akacheka waziwazi. Hilda aliweka penseli chini.

"Dada, mimi nimekuuliza mume."

"Na mimi nimekujibu mume."

"Naweza kuandika mama? Au mlezi? Ili tusichelewe."

"Hapana," Robi alisema.

Hilda akatoka nje, kucha zikigonga mlango. Foleni nzima ikageuka. Gati alimwona akija, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama. Hakuwa amezoea kuitwa kwa jambo jema.

"Samahani, bibi. Huyu dada Robi, wewe ni nani wake?"

"Amekosa nini?"

"Hajakosa. Anasema wewe ndiye mume wake."

Gati aliangalia juu ya bega la Hilda. Aliwaona wale waliokuwa wanacheka, na mbele yao akamwona Robi amesimama wima, kompyuta kifuani, hacheki wala haangalii chini.

Aliingia ndani, licha ya feni na mafua yake, akaenda moja kwa moja hadi mezani.

"Ni kweli amesema," aliwaambia wote. "Ng'ombe nimetoa mimi. Jina ni Gati Marwa."

Mtu mmoja akaanza tena kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Hilda alikaa, akaivuta kadi, akaokota penseli yake.

"Weka hiyo chini," Gati alisema. "Andika kwa wino."